Kamba ya Anayebaki

Osea aliporudi kutoka shamba la kahawa jioni ile, aliona kwamba fundo la chini la kamba ya marehemu mkewe, Marita, limefunguliwa. Kamba ilikuwa pale pale kwenye kigingi, kando ya mlango, na hakukuwa na mtu mwenye sababu ya kuigusa. Aliishika. Mahali fundo lilipokuwa, nyuzi zilikuwa zimejikunja, na zilikuwa na majimaji.

Alidhani ni ukungu. Katika vilima vya Mbozi, msimu wa baridi, ukungu huingia hadi ndani ya nyumba na chumvi hulowa chunguni. Alijifuta vidole kwenye suruali, akala kiazi kilichopoa, akalala.

Miaka ile wanaume wengi wa huko walikwenda Lupa kuchimba dhahabu, na wachache walijua kuandika. Mume aliyekuwa akisafiri alisokota kamba mbili za magome ya miombo, akazifunga mafundo sawasawa, fundo moja kwa kila siku atakayokuwa mbali. Moja aliondoka nayo, nyingine aliiacha. Kila jioni, kila mmoja alifungua fundo moja mahali alipo. Siku ya fundo la mwisho mke alipika chakula cha watu wawili na kuuacha mlango bila komeo. Msafiri alipoingia, mke mwenyewe ndiye aliyelipitisha komeo nyuma yake.

Mafundo yalikuwa na kazi nyingine pia. Mjamzito aliyatumia kuhesabu miezi, mtoto mgonjwa alifungwa kamba yenye mafundo kiunoni, na kwa fundo la gunia watu walijua kahawa ni ya nani. Hakuna aliyeyaogopa. Ni mchimbaji mmoja tu kule Lupa, mtu wa Kilwa, aliyekataa kuigusa kamba ya Osea. Alisema kwao majini hukaa ndani ya mafundo, akaenda kunawa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. Osea alicheka.

Marita alifungua mafundo yake kwa meno, kwa sababu kuchambua kahawa kulikuwa kumemmaliza kucha.

"Unaila safari yangu," Osea alimtania.

"Naila iishe," alijibu, uzi ungali mdomoni.

Mara moja tu Osea alichelewa. Alimkuta mkewe amekaa nje kwenye manyunyu, chakula kimeganda magotini mwake. Marita hakugomba. Alisema, "Ukifunga fundo, uje," na Osea akaahidi kwamba hatachelewa tena.

Baada ya mavuno kifua kilimbana Marita, akafa. Watu wa kanisa walipokuwa wakiimba nje, Osea alikaa karibu na maiti akasokota kamba mbili. Hakukusudia lolote. Mikono yake haikujua namna nyingine ya kuagana. Alizifunga mafundo mengi, kama ya safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda. Ile ya msafiri aliiweka kwenye kiganja cha Marita chini ya shuka. Nyingine aliitundika kwenye kigingi chake, na hakuigusa tena mpaka jioni ile fundo la kwanza lilipofunguka.

Sasa mafundo yalikuwa yakifunguka. Kila jioni moja. Aliihamisha kamba akaitia kwenye sanduku la nguo na kulifunga kwa ufunguo. Jioni iliyofuata alifungua sanduku, akakuta fundo jingine halipo, na nyuzi zimelowa, akairudisha kamba kwenye kigingi.

Kisha ikaja harufu. Jiko la Marita lilikuwa halijawashwa tangu matanga, mafiga yake yalikuwa baridi, lakini Osea alipokuwa bado kwenye njia ya kahawa alisikia harufu ya majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na kadiri mafundo yalivyopungua harufu ilizidi kukolea, mpaka ikawa inamtoa mate mchana kweupe, naye akajikuta anaharakisha kazi, anaacha matawi bila kuyapogoa, anarudi mbio kwenye nyumba ambayo haikuwa na mtu. Na jioni moja, akiwa amesimama kizingitini kabla macho yake hayajazoea kiza cha ndani, alisikia upande wa kigingi sauti ndogo ya meno yakivuta uzi, yakiachia, yakivuta tena bila haraka, kama mtu anayejua kwamba jioni ni yake yote, na alipomwita kwa jina sauti ilikoma, kisha, baada ya muda wa mtu kusikiliza, ikaendelea.

Alipaswa kukimbia. Badala yake alifagia nyumba. Alinunua chumvi. Aliacha kutia komeo usiku. Tangu mazishi hakuna aliyemwuliza amekula nini; sasa kulikuwa na mtu anayerudi, na yeye alikuwa na wa kumngojea.

Ketrina, dada mkubwa wa Marita, alimkuta siku fundo limebaki moja. Alisimama mlangoni, akatazama meza.

"Sahani mbili, shemeji? Umeoa, hata hujaniambia nilete kuku?"

Osea hakucheka. Alimwonyesha kamba na kumweleza yote. Ketrina alitoka bila kuaga, akarudi na mzee Amoni, ambaye alisokota kamba za ng'ombe na, pale mwinjilisti asipotazama, za watoto wagonjwa.

Amoni aliishika kamba kwa vidole viwili.

"Nani anaifungua?"

"Inafunguka yenyewe."

"Kamba haina mikono, Osea."

Osea alionyesha nyuzi za mwisho wa kamba. "Inalowa," alisema. "Marita alikuwa akifungua kwa meno."

Amoni aliiachia kamba. Alijipangusa vidole kwenye koti, akapunguza sauti.

"Ulipokuwa ukienda Lupa, hii ya kwenye kigingi ilikuwa ya nani?"

"Ya anayebaki."

"Na anayebaki anafungua akimngoja nani?"

Ketrina alielewa kwanza. Aliziba mdomo kwa kanga.

"Ulidhani yeye ndiye anayekuja," Amoni alisema. "Yeye yuko kwake, anapika. Msafiri ni wewe. Siku zote umekuwa wewe."

"Mdogo wangu hawezi kumdhuru mumewe!" Ketrina alinong'ona.

"Sijasema ni mdogo wako. Kuna vitu hukaa kwenye fundo lililofungwa kwa uchungu wa namna ile. Vinajifunza hata meno ya mtu." Alimgeukia Osea. "Jua halijazama. Ichome ingali na fundo, kwa mkono wako uliolifunga, na si kwenye jiko la nyumba hii. Ukichelewa, unakwenda."

Jiko la Ketrina lilikuwa ng'ambo ya mahali pa kuanikia kahawa. Ketrina na Amoni walitangulia kuchochea moto. Osea alibaki nyuma kufunga mlango. Walimwona akija polepole ndani ya ukungu, akiinama mara moja penye magunia, kwenye vichanja vya kahawa, kama anayerekebisha kiatu. Alifika, akaingia, akafungua ngumi juu ya moto. Kitu kilijikunja katika makaa na kuwaka.

"Basi," alisema. Uso wake ulikuwa umetulia. "Asante, dada. Nakuja, nakwenda hapo nje mara moja."

"Usikawie, utakula hapa," Ketrina alimwambia. Osea aliitikia kwa kichwa na kutoka.

Amoni alikuwa bado anatazama moto. Pua yake ilicheza. Alichukua kijiti, akafukua makaa, akanusa.

"Gome halinuki hivi," alisema. "Hii ni katani. Ni kamba ya gunia."

Walitoka mbio, wakiita, na ukungu uliwarudishia sauti zao wenyewe. Wakapita vichanja, wakapita nyumba ya Osea ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa vizuri kama wa mtu aliyesafiri, wakaingia kati ya mistari ya kahawa iliyowapiga matone usoni, na harufu ikawapokea kabla hawajafika, majani ya maboga, karanga, ugali wa ulezi uliotoka jikoni sasa hivi, nzito na ya moto, mahali ambapo hapakuwa na moshi wala moto, kwenye kiwanja cha makaburi ya ukoo.

Udongo wa kaburi la Marita haukuwa umeguswa. Juu yake ililala kamba ya gome, imenyooka, imelowa, haina hata fundo moja. Na miguuni mwa kaburi, yamepangwa sambamba kama mtu anavyoyavua kabla ya kuingia kwake, yalikuwa makubadhi ya Osea.

Ketrina alipiga magoti na kuweka kiganja chini. Udongo ulikuwa na joto, kama sakafu iliyo karibu na jiko.

"Shemeji," aliita. "Osea."

Chini ya mkono wake, taratibu, bila haraka, alisikia mti ukiburuzwa juu ya mti. Mlango ulikuwa ukipitishiwa komeo, kutoka ndani.