Nyumba ya Udongo ya Mzee Kalinga

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, Benedicta alifagia nyumba mbili. Alianza na yake, kisha ya marehemu baba yake, Mzee Silvester Kalinga. Nyumba ya mzee ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, paa la nyasi. Ilisimama juu ya kilima cha Lwangilo, mbali sana na mji wa Iringa.

Mzee Kalinga hakuwa mtu mdogo. Alitembea kwa miguu kijiji hata kijiji, akiwahimiza watu wadai uhuru. Uhuru ulipopatikana, alipewa kazi kubwa Dar es Salaam. Lakini huko mjini wengi hawalijui hata jina lake. Alipozeeka alirudi Lwangilo na sanduku lile lile aliloondoka nalo. Watu walimcheka, naye akacheka kuliko wao.

Mwezi wa kumi, mwaka 1974, barua ilifika. Wanakisomo wa Rujewa, watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma, wangekuja Julai kuiona nyumba hiyo.

Benedicta alifurahi, kisha akaona haya.

"Wageni watoke mbali kote huko, waje kutazama udongo?" alimwambia mumewe, Liberatus. "Watasema tumemtupa baba."

"Baba mwenyewe aliupenda udongo huo."

"Baba alipenda kila kitu. Hata wewe alikupenda."

Liberatus akacheka, akakubali. Wakauza nguruwe wawili, wakanunua saruji. Nyumba ikapigwa plasta nje na ndani, ikang'aa. Benedicta akatembea kijijini kichwa juu.

Kisha mvua zikaja. Plasta ikapasuka. Mwezi wa tatu, bonge zima la ukuta likaanguka. Udongo wa nyuma yake ulikuwa umelowa, laini kama ugali wa moto.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akatikisa kichwa.

"Mama, nyumba hii itaua mtu. Isipopona kabla ya Julai, tutaibomoa."

Benedicta alilia sana. Nyumba ya baba yake ilikuwa inakufa, na aliyeiua ni yeye.

Liberatus hakumsimanga. Alipanda lori la mbao hadi Mbeya, akarudi na fundi Asukile wa Ilomba, aliyezijua nyumba za zamani. Asukile aliubonyeza ukuta kwa kidole gumba.

"Nani alipaka saruji hii?"

"Mimi, fundi," alisema Benedicta kwa sauti ndogo.

"Mama, ulimvika mzee koti la mpira juani. Mtu akivaa hivyo, jasho lake linakwenda wapi?"

"Linabaki ndani."

"Basi. Ukuta wa udongo hunywa maji wakati wa mvua. Jua likiwaka, huyatoa. Saruji ikipasuka, maji huingia kwenye nyufa, lakini hayapati njia ya kutoka. Ukuta unaoza."

"Kwa hiyo imekufa?"

"Imeugua tu. Lete jembe."

Waliibandua saruji polepole. Mvua zilipokatika, wakauacha ukuta ukauke wiki tatu.

"Mzee alichimba wapi udongo wake?" aliuliza Asukile.

"Kwenye kichuguu kile pale."

"Na sisi tutachimba pale pale. Udongo hushikana na ndugu yake."

Wakauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe. Wakaukanyaga kwa miguu, wakaufunika siku saba. Wanawake wa Lwangilo wakaja kuusiriba ukuta, huku wakiimba. Asukile akarefusha paa ili mvua isiupige ukuta. Liberatus akachimba mtaro kuzunguka nyumba, maji yapite mbali.

"Kila mwaka, kabla ya mvua, zibeni nyufa kwa udongo," alisema Asukile. "Udongo tu, mama!"

"Na nguruwe wangu wawili?" aliuliza Liberatus.

"Hao ndio ada ya shule," alijibu Benedicta. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, alicheka.

Julai ikafika, na lori la wageni likafika. Wa kwanza kushuka alikuwa Kashindye, mama wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka kiganja. Benedicta akasogea karibu naye.

"Hii ndiyo nyumba ya kiongozi?"

"Ndiyo, mama. Ni ya udongo."

"Kama yangu!" Kashindye alipaza sauti. "Jamani, njooni! Mkubwa wa nchi alilala kwenye udongo kama wangu!"

Wenzake wakaja mbio, wakaushika ukuta. Kashindye akaona kibao juu ya mlango. Akanyoosha kidole, midomo ikicheza.

"Ha-pa... a-li-i-shi... Si-lve-ster... Ka-li-nga."

Kisha akaruka kama msichana. "Nimesoma! Si kitabuni, nimesoma nyumba ya mtu!"

Vigelegele vilijaa kilima kizima. Machozi yalimtoka Benedicta, wala hakuyafuta. Akaufungua mlango wa baba yake wazi kabisa.

"Karibuni ndani," alisema. "Karibuni kwenye nyumba yetu ya udongo."