Gauni Alilolikataa Rahile

Ijumaa ilikuwa siku ya Zipporah kutoka. Alifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya mtaa wa Al-Safa, Jeddah, Saudi Arabia. Akishaosha vyombo vya mchana, alibeba nguo za madam hadi mtaa wa Ghulail kwa fundi Rahile, zikapunguzwe au zitiwe zipu.

Rahile alikuwa Muuighuri, mtu wa magharibi ya mbali ya China. Alikuwa mama mpole wa miaka hamsini hivi. Yeye na Zipporah walielewana kwa Kiarabu cha kubahatisha.

Ijumaa hiyo Zipporah alitoa gauni jipya la kijani. Rahile alisoma lebo ya shingoni, akalisukuma kando.

"Hili sishoni."

"Kwa nini, mama?"

Rahile alitoa simu. Kwenye picha alisimama mwanamke kijana aliyevaa ovaroli la bluu lenye jina la kiwanda kifuani.

"Mdogo wangu," alisema. "Maafisa wa serikali walimchukua nyumbani kwake. Hakuomba kazi. Kiwanda kina walinzi, hawezi kutoka. Aliniambia wanashona nguo za kampuni hii. Kisha simu yake ikazimwa. Huu mwaka wa tatu."

Zipporah aliomba picha ile ili amwonyeshe mumewe. Solomon alifanya kazi Riyadh, eneo la Olaya, katika stoo ya duka la kampuni hiyohiyo ya nguo.

"Baba Ashley," alimwambia kwa simu jioni, "unajua hizo nguo zinatoka wapi?"

Solomon alisikiliza mpaka mwisho. "Na mimi ndiye nafungua hayo maboksi kila asubuhi!" alisema kwa hasira.

Kesho yake alimtumia mkewe video. Uso wake ulionekana wazi, na maboksi nyuma yake. Alikuwa akiitukana kampuni, huku ameinua picha ya mdogo wake Rahile. Chini aliandika: *Naiweka TikTok sasa hivi.*

Zipporah hakungoja video iishe. Alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena na tena, kisha akachukua mfuko wa takataka kama anayekwenda kuutupa, akatoka mbio hadi geti la nyumba ya tatu alikofanya kazi Priscilla. Priscilla alikuwa ameshona nguo miaka kumi na mmoja kwenye kiwanda kimoja cha Athi River, Kenya, na huko alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi.

Priscilla aliitazama video mara moja tu.

"Mwambie asitume! Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, akiiona, ikama yake ya kuishi huku inafutwa, na Solomon anarudishwa Kenya akiwa mikono mitupu. Hilo la kwanza. Lakini hii sura ya dada wa watu? Wanaomshikilia watajua familia yake ndiyo imesema. Unafikiri watamfanya nini?"

Zipporah alipiga simu mara ya tisa.

"Mbona unanipigia hivyo?" Solomon aliitikia. "Nilikuwa nashusha mzigo. Kwako video ilipita, TikTok ikakwama, mtandao wa huku stoo ni mbovu."

"Futa! Futa, Baba Ashley, na hiyo picha pia. Halas, basi!"

Alisubiri simu sikioni mpaka mumewe aliposema, "Nimefuta." Hapo ndipo alipokaa chini pale getini.

"Sasa tunyamaze tu?" alimuuliza Priscilla.

"Hapana. Tuulize mahali panapouma. Kampuni kama hii haina kiwanda chake, hununua kwa wenye viwanda. Kule Athi River tulikuwa tunafungiwa mlango mpaka mzigo uishe. Tulilalamika, wapi! Wateja wa ng'ambo walipoanza kuiuliza kampuni iliyouza zile nguo, mlango ulifunguliwa. Kampuni inaogopa mnunuzi."

"Tuulize nini?"

"Pamba imetoka wapi? Nani alisokota uzi? Nani alishona? Na huyo mshonaji anaweza kusema sitaki, akaenda kwao? Kama hawezi, hiyo ni kazi ya kulazimishwa, hata akilipwa."

Ijumaa iliyofuata Zipporah na Priscilla walikaa na Rahile dukani kwake. Priscilla alifungua orodha ya viwanda kwenye tovuti ya kampuni. Jina lililokuwa kwenye ovaroli lilikuwemo.

"Watamuumiza?" Rahile aliuliza.

"Siwezi kukuahidi, mama. Ndiyo maana kwenye barua hatutaandika jina lake wala lako. Ukikataa, tunaacha."

Rahile aliitazama tena picha ya mdogo wake. "Andika," alisema.

Waliituma barua ya maswali yale kwa shirika la Ulaya linalowatetea wafanyakazi wa viwandani, nalo likaifikisha ofisi kuu ya kampuni kwa jina la shirika lenyewe. Jibu lilikuja: wakaguzi wamekitembelea kiwanda, hawakuona kosa.

"Mtu anayeogopa atamwambia nini mkaguzi?" Priscilla alisema. Wakaandika tena. Shirika nalo likawaomba wanunuzi wa nchi nyingi waulize maswali yaleyale.

Ilikuwa miezi migumu. Kila kengele ya geti ilipolia, Zipporah alidhani amejulikana. Huko Olaya, msimamizi alipomwita Solomon, naye alidhani vivyo hivyo, kumbe anatumwa tu ngazi.

Mwezi wa sita tangu barua ya kwanza, Priscilla alipokea ujumbe wa shirika. Maelfu ya wanunuzi walikuwa wameandika. Kampuni ilitangaza kuwa imeacha kununua kwa kiwanda kile, na haitapokea tena pamba wala uzi usiojulikana ulikotoka. Siku ileile Solomon alipiga simu.

"Mama Ashley! Tumeambiwa tufunge maboksi thelathini, yanarudishwa!"

Ijumaa Zipporah alikwenda na Priscilla kwa Rahile, akamweleza kwa Kiarabu chake kidogo. Rahile alilia, kisha akauliza, "Na mdogo wangu?"

"Bado hatujui, mama."

Rahile alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alimvutia Priscilla kiti.

"Kiwanda kile kinamshonea nani mwingine?" aliuliza. "Tuanze na huyo."