Majani ya Kupozea Usipa

Rosina aliuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Asubuhi aliwanunua kwa wavuvi mwaloni Lituhi, akawapanga ndani ya tenga, akapanda pikipiki kurudi kwao Kihagara.

Njiani kulikuwa na dimbwi. Juu ya maji yalielea majani ya kijani, yenye vikonyo vilivyovimba na maua ya zambarau. Rosina aliyang'oa na mizizi yake, akayatandaza juu ya samaki. Jua lilikuwa kali, lakini usipa walifika wakiwa baridi.

"Usipa wa Mama Violet hawanuki," wateja walisema, wakimwita Rosina kwa jina la mwanawe.

Akimaliza kuuza, alishuka bondeni kuosha tenga kwenye mfereji. Yale majani aliyamwaga humohumo majini.

Mfereji huo ulipeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Jaruba la juu lilikuwa la Rosina na mume wake, Ladislaus. Lililofuata lilikuwa la jirani yao, Cleopa. Chini kabisa alilima Abdulkarimu, mwenye duka. Ziwa lilipochafuka na samaki kuadimika, mpunga wa bonde hili ndio uliolisha nyumba zao.

Mwaka huu maji yaligoma kupita. Majani ya kijani yalijaa mferejini hadi kuku akaweza kutembea juu yake. Mpunga ulianza kujikunja.

"Tukikosa mpunga huu, tutakula nini?" Rosina aliuliza.

Ladislaus aliinuka. Alichukua panga, akaingia mferejini. Alikatakata magugu yale mpaka jioni. Vipande vilichukuliwa na maji, vikaenda zake.

"Yamekwisha," alisema, akijifuta jasho.

Hayakwisha. Kabla mwezi haujaisha, mfereji ulijaa kuliko mwanzo. Na siku moja Cleopa akaja, suruali imekunjwa, mguu una tope.

"Mama Violet, mmenitumia zawadi," alisema. "Asanteni sana. Jaruba langu sasa ni bustani ya maua."

"Baba, sisi tulisafisha kwetu tu," alisema Rosina.

"Mkasafishia kwangu! Mpunga wangu unakauka. Watoto nitawapikia maua?"

Aliondoka bila kuaga. Jumapili hiyo kanisani alikaa benchi la mbali.

Rosina alikwenda kumweleza bibi shamba wa kata, Ottilia. Kesho yake Ottilia alikuja. Alivaa buti, akapita mfereji wote polepole. Wenye majaruba walimfuata.

"Haya ni magugu maji," alisema. "Yalianza lini?"

"Yameletwa na mvua," alisema Ladislaus.

"Yametoka kwa Ladislaus," alisema Cleopa.

Ottilia hakubishana na mtu. Aliuliza wanalima nini, wanaosha nini, wanachota wapi maji. Kisha akaliona tenga la Rosina ukingoni. Ndani yake kulikuwa na majani mabichi.

"Na haya, Mama Violet?"

"Hayo ya kupozea usipa. Nayachuma njiani."

"Ukimaliza unayaweka wapi?"

Rosina aligeuka. Aliutazama mfereji.

"Humu," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku humu."

"Si wewe peke yako," alisema Ottilia. "Wachuuzi wengi wanafanya hivyo, na wengine wanayabeba kwenye mitumbwi bila kujua. Gugu hili halina miguu. Sisi ndio tunaolitembeza."

"Lakini niliyakata yote," alisema Ladislaus.

"Ulikata, shemeji, na kila kipande chenye kichipukizi kikawa mmea mpya. Halikatwi majini. Linang'olewa na mizizi, linapelekwa mbali na maji. Tena ling'olewe kabla halijatoa maua, kwa sababu mbegu zake hukaa topeni miaka mingi."

"Basi aliyelileta aling'oe," alisema Cleopa.

"Aking'oa yeye tu, lililobaki kwako litajaa tena. Mfereji ni mmoja, baba."

Watu waliupima mfereji kwa macho. Kila mmoja aliona kazi ni kubwa na jirani ni mvivu. Ndipo Abdulkarimu akakohoa.

"Naomba niseme. Waislamu wa kwanza waliteswa kwao Makka. Wakahamia Madina wakiwa wameacha nyumba na mali. Mtume Muhammad akawaunganisha wawiliwawili, mgeni mmoja na mwenyeji mmoja, wawe ndugu. Mwenyeji mmoja akamwambia mgeni wake, chukua nusu ya mali yangu. Yule mgeni akasema, Mungu akubariki, wewe nionyeshe tu soko liko wapi."

"Huyo ni mwenye duka kama wewe!" alisema Ladislaus. Watu walicheka.

"Ndiyo maana nampenda. Watu wakaona jinsi wale wanavyoishi pamoja, na wengi wakavutiwa na dini yao."

"Kwa hiyo leo unatusilimisha huku topeni?" aliuliza Cleopa.

"Cleopa, mimi nataka kula wali. Nasema tugawane wawiliwawili. Wa juu na wa chini. Kila wawili wawe na kipande chao, na atakayeumwa, mwenzake amfanyie."

Cleopa alikuna shingo. "Na mimi nitapewa nani?"

"Unamjua," alisema Abdulkarimu.

Asubuhi iliyofuata Cleopa alikuja mferejini na reki. Rosina na Ladislaus walikuwa wamefika kabla yake.

"Shikamoo, baba," alisema Rosina.

"Marahaba." Akaichomeka reki topeni. "Vaeni buti. Bibi shamba amesema maji haya yaliyotuama yana kichocho."

Walivuta magugu kwa reki na kuokota hadi vipande vidogo. Waliyabeba hadi mlimani, wakayaanika juani. Yasiyo na maua waliyachanganya na samadi, yaoze yawe mboji. Yenye maua waliyakausha, wakayachoma. Siku Ladislaus alipoumwa homa, Cleopa alifanya sehemu yake bila kuambiwa.

Maji yalianza kupita kidogokidogo. Upande mmoja wa jaruba la Cleopa ulikuwa umeshakauka, haukurudi. Uliobaki ulinyanyuka, ukatoa masuke. Wakati wa kuvuna, magunia yalipungua kwa Cleopa, na Ladislaus akampelekea moja.

"Nusu ya mali?" Cleopa aliuliza.

"Usiniombe zaidi, soko unalijua," alijibu Ladislaus.

Magugu hayakuisha kabisa. Mbegu zilichipua tena topeni. Lakini kila wiki kila wawili walipita kipande chao, wakang'oa machanga kabla hayajakua. Rosina aliosha tenga nyumbani, kwenye nchi kavu, mbali na mfereji. Wachuuzi wenzake aliwaeleza pale pale mwaloni.

"Sasa usipa utawapoza na nini?" mmoja alimuuliza.

Rosina aliinua kifuniko cha tenga. Juu ya samaki kulikuwa na majani ya mgomba, mapana, yamelowanishwa kwa maji safi.

Alfajiri ile Cleopa ndiye aliyeyaleta. Aliyakata shambani kwake, akayaweka mlangoni, akabisha hodi.

"Mama Violet, zawadi," alikuwa amesema. "Hii unaweza kuitupa popote."