Chipu Isiyo na Maiti

Katika kila chipu iliyoyeyushwa huwa kuna maiti. Hata mgandishaji awe fundi namna gani, chembe hai kadhaa zitakufa kwa baridi, na zilizokufa hunywa rangi ya buluu, zikaonekana kwenye hadubini kama madoa ya wino. Asubuhi ile Bi Barafu aliyeyusha chipu moja ya majaribio, akatia rangi, akangoja. Hakuna chembe iliyogeuka buluu hata moja.

Mwingine angepiga vigelegele. Yeye alitafuta kiti.

Bi Barafu ni jina la utani walilompa kazini. Kazi yake ilikuwa kupitisha chembe hai za watu ndani ya chipu, vipande vya kioo vyenye mifereji myembamba kuliko unywele, moja nyuma ya mwenzake, kila moja ikipata dawa yake ya kuikinga na baridi, kisha vioo vikazamishwa ndani ya tangi la naitrojeni ya kimiminika, baridi kuliko barafu yoyote. Humo chembe husimama tu, haziishi wala hazifi. Hizi za asubuhi ile zilikuwa za uboho wa mumewe, kinyozi mwenye domo na utani usiokwisha. Madaktari walizitoa kabla ya kumpa dawa kali ya saratani ya damu, na dawa ile iliua saratani ikaua na uboho wote. Asiporudishiwa chembe zake, hana siku nyingi.

Na tangi lilikuwa limekauka naitrojeni, chembe zote zilipaswa kuwa zimekufa. Hilo alilijua yeye peke yake. Siku moja kabla, aliporudi kutoka mapumzikoni, alifungua kifuniko asione ule moshi mweupe, akagusa chuma kikawa vuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahauliwa. Badala ya kumwambia mkubwa wake, alilijaza upya, akainama mdomo ukikaribia ukingo, akanong'ona: "Yeyote anayenisikia, zishikilie. Zisife. Chukua utakacho." Mapenzi yana wazimu wake, na nani amlaumu?

Sasa alirudisha jicho kwenye hadubini, akaona chembe zimeacha kufuata mkondo, zimejipanga upande mmoja wa mfereji, upande ule alioinamia, na aliposogea kushoto nazo zikasogea kushoto, taratibu, zote kwa pamoja, huku nyuma yake tangi likigongwa kwa ndani kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, na chumba ambacho siku zote hakikuwa na harufu kikinuka nywele zinazoungua.

Mumewe alikuwa na shangazi yake mganga, aliyekuwa akimuuguza. Bi Barafu alimfuata hospitali, akamvuta koridoni. Mchana ule ule wakasimama wawili mbele ya tangi. Shangazi aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakiondoa haraka.

"Mwanangu, umemwita nani?"

"Sijui, shangazi. Sikumtaja jina."

"Ndiyo maana kaja huyu. Asiyetajwa hana wa kumzuia mlangoni."

"Unaweza kumtoa?"

"Namtoa sasa hivi. Lakini chembe hizi zilishakufa. Yeye ndiye anayezisimamisha. Akitoka, zinaanguka zote."

"Na mume wangu?"

Shangazi alifuta macho kwa ncha ya khanga. Kinyozi huyo alimlea yeye tangu anatambaa. "Tutamzika akiwa ni yeye," alisema.

"Mimi sikukuita kwa habari za kuzika."

"Basi maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ila mimi nyumbani kwenu sitakanyaga tena."

Alitimiza neno lake. Bi Barafu alizipeleka chipu wodini kwa mikono yake mwenyewe, akasimama kando ya kitanda zilipoyeyushwa na chembe zikashuka mshipani, tone kwa tone. Daktari alisema hajapata kuona uboho ukishika upesi namna ile.

Kinyozi alirudi nyumbani amenenepa. Alifungua tena duka lake. Hakuwa na utani tena, lakini alikuwa mpole, akiosha vyombo bila kuambiwa, akimtazama mkewe kwa makini kama mgeni anayejifunza desturi za nyumba. Bi Barafu alijilazimisha kushukuru. Alikuwa na mume, wenzake walikuwa na makaburi.

Mchana mmoja walikuwa wakila. Mume akasimamisha kijiko, akainamisha kichwa kama anayesikiliza sauti ya chumba cha pili.

"Nini?" mke aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mumeo anauliza utamtoa lini," alijibu kwa upole, akimsogezea sahani ya nyama. "Anasema huko alipo kuna baridi sana."