Nguzo ya Mabango Manne

Mwoka keki alisimama mbele ya nguzo ya mtaa wa maduka, mkono kiunoni, gauni lake la manjano likipepea, gari lake likiziba njia na madereva wakimpigia honi. Nguzo ilikuwa na mabango manne. La kwanza lilikataza kuegesha, la pili liliruhusu nusu saa, la tatu lilitaka magari ya mizigo tu, la nne lilikuwa mshale mtupu.

"Pole, dada. Hata mimi ninayepima macho ya watu, mabango hayo yalinitoa jasho," alisema kijana wa koti jeupe akitoka duka la miwani. "Anza na mshale, ujue upande gani unahusika. Ndipo utafute saa. Umebeba nini?"

"Keki."

"Keki ni mzigo. Egesha, uko salama."

Jinsi alivyosoma mabango taratibu, bila kujifanya mjuaji, ilimgusa binti yule. Siku hiyo hiyo walipeana namba. Haukupita muda binti akawa anamwita kijana Miwani, naye akiitwa Sukari, na simu zao zikawa haziishi maneno.

Jumamosi moja Sukari alipita mtaani hapo kuchukua maua ya keki ya arusi iliyokuwa tayari garini.

"Miwani, leo naruhusiwa?" aliuliza kwa simu.

"Kama kawaida, Sukari wangu. Shuka tu."

Aliporudi na maua, gari halipo. Limevutwa, na keki ndani yake! Aliingia dukani kwa Miwani kama upepo.

"Kumbe maneno matamu tu!" Alimtupia funguo mezani. "Bibi arusi nitamwambia nini?"

"Sukari, nisikilize..."

Hakusikiliza. Alizima simu, akakodi teksi mpaka ukumbini, akilia njia nzima. Kilichomuuma kuliko keki ni kwamba alimwamini.

Alizunguka nje ya ukumbi kwa zaidi ya saa nzima akitafuta maneno ya kumwambia bibi arusi. Alipopata moyo wa kuingia, aliikuta keki mezani, ghorofa zake zote wima. Pembeni alisimama Miwani, koti limejaa krimu kifuani, nyingine shavuni.

"Umefikaje?"

"Nimefunga duka, nikaenda yadi ya jiji kuwabembeleza. Gari wamelizuia mpaka Jumatatu, keki wakanipa. Nimeipakata kwenye teksi mpaka ukumbi ulionitajia, nikaingilia mlango wa nyuma." Aliinamisha kichwa. "Kosa ni langu. Bango walilibadilisha jana. Sikutoka kuangalia, nilikujibu kwa mazoea tu."

Binti alimtazama. Miwani angeweza kuwalaumu watu wa jiji, angeweza hata kumlaumu yeye kwa kuzima simu. Hakufanya hivyo. Mwanamume wa namna hii, aliwaza, anapatikana wapi tena?

"Mpenzi, kesho una kazi?"

"Sina. Kwa nini?"

"Nakupeleka kwa mama." Alimfuta krimu shavuni kwa kidole, akaionja. "Ila hilo koti uliache nyumbani."