Hatua Moja Nyuma

Jua lilikuwa linazama nilipofungua studio yangu, chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Kazi yenyewe ndogo tu. Mama, ambaye tangu msiba hatoki kitandani, alitaka nimrekodie ule wimbo tuliouimba mimi na dada tangu utotoni. "Uwe wa kundi," aliniambia. "Nyumba imenyamaza mno."

Kundi letu la uimbaji lilisambaratika tulipomzika dada, mwaka jana. Nimebaki mimi. Ila fundi wa sauti hakosi ujanja: unaimba karibu na maiki, unarudi hatua moja nyuma, unaimba tena, unarudi tena. Ukizipanga sauti hizo pamoja, mtu mmoja anasikika kama umati. Nilibandika alama nne za utepe sakafuni. Kwaya ya mtu mmoja, nikajitania, na nusura nilie.

Nikaimba kwenye alama ya kwanza. Nikasikiliza.

Nyuma ya sauti yangu, mtu alikuwa anavuta pumzi...

Nikajiambia ni feni. Feni ilikuwa imezimwa.

Nikarudi hatua, nikaimba ya pili. Safari hii alikuwa anaimba, kwa mbali, kama yuko ukutani. Alilivuta neno la mwisho kupita kiasi, jambo ambalo mama alimgombeza dada kila siku. Chumba kikanuka tangawizi. Dada alikuwa haimbi bila kutafuna tangawizi.

Nywele zilinisimama. Lakini niseme kweli, nilifurahi. Nilikuwa nimemkumbuka mno.

"Dada," nikanong'ona, kama nilivyozoea kumwambia kazini. "Sogea kwenye maiki."

Sikupaswa kusema vile.

Nikarudi hadi alama ya tatu, nikaimba. Baridi ikapita begani kwangu, ikaenda mbele. Nikarudi ya nne, mgongo ukagusa godoro. Sasa yeye ndiye alikuwa kwenye maiki. Sauti yangu niliisikia kwa shida, mimi mwenyewe.

Sikuthubutu kusikiliza tena. Nikazipanga sauti, nikampelekea mama wimbo kwenye simu, nikafunga mlango.

Hazikupita dakika kumi, akapiga. Alikuwa analia kwa furaha.

"Dada yako, mwanangu! Kundi zima ni yeye mtupu! Nimeamka, nimekaa. Ila wewe mbona hukuimba?"

"Niliimba, mama."

"Haloo?"

"Mama, nipo hapa."

"Haloo... mwanangu? Mbona husemi?"