Fimbo ya Jua Ndani ya Nyumba ya Agathe

Pembeni ya Bunia, mahali mashamba ya muhogo yanapoanza, Agathe alikuwa akipika sombe, majani ya muhogo, ndani ya nyumba. Mlango umefungwa. Madirisha yamezibwa kwa udongo. Vita haipendi moshi, ndivyo alivyosema Félicien, mume wake. Moshi juu ya bati ni kuwaita wenye bunduki: njooni, huku wanakula.

Kwenye kona alilala ndama. Ng'ombe wengine waliporwa familia ilipokimbia kutoka Bogoro. Akabaki huyu tu. Félicien alimwashia moto wa mavi makavu, kama babu zake.

"Ndama bila moshi, nzi watamumaliza," alisema.

Kweli. Lakini babu zake waliuwasha zizini, penye upepo. Yeye aliuleta mahali mtoto analala.

Na mtoto huyo, Fifi, alikohoa mpaka akaacha kucheza.

Asubuhi aliingia jirani yao Kaswera, muuguzi wa kituo cha afya. Machozi ya moshi yakamtoka palepale mlangoni.

"Muko watu ao muko samaki ya kukausha ya Mahagi?"

Félicien alicheka. Kaswera hakucheka. Alikuwa amefunua kifua cha Fifi.

"Mama Fifi, angalia. Akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Hii haingoje. Mubebe, twende."

Kituoni Fifi alipata dawa, akaanza kupumua vizuri. Siku ya kurudi nyumbani Kaswera aliwasindikiza mpaka ndani, ambako moto wa ndama ulikuwa ukifuka bado.

"Dawa imefanya kazi yake," alisema. "Sasa munamurudisha mu hewa ileile?"

"Hewa haionekane, mama," Félicien alijibu. "Utajua namna gani iko mubaya?"

Alisimama juu ya kiti, kitambaa mkononi. Siku zile za kituoni risasi ilikuwa imetoboa bati, naye alitaka kuziba tundu.

"Acha kwanza!" Agathe alipiga kelele.

Jua lilikuwa limeingia kwa tundu lile. Lilisimama katikati ya nyumba kama fimbo nyeupe, kutoka batini mpaka chini. Ndani ya fimbo moshi ulijikunja, ukapanda, ukazunguka, vumbi likimeta kama dhahabu mtoni. Agathe aliingiza mkono. Moshi ukajigawa, ukamzunguka vidole. Alizaliwa ndani ya hewa, akazeeka nusu ndani ya hewa, na leo ndiyo anaiona.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Iko na mwili."

"Sasa tuipime," Kaswera alisema. "Leta sahani mbili nyeupe na mafuta ya ng'ombe."

Walizipaka mafuta. Moja waliitundika juu ya kitanda cha Fifi, nyingine nje chini ya bati. Kesho yake Agathe aliziweka pamoja. Ya nje ilikuwa na vumbi kidogo. Ya ndani ilikuwa nyeusi kama tako la chungu.

Félicien aliipitisha kidole. Akakitazama kidole kile.

"Sahani tutaiosha," Kaswera alisema. "Kifua hakioshwe."

"Lakini moshi ya inje itatuuzisha kwa wenye bunduki!"

"Baba Fifi, asubuhi nyumba zote zinapika. Nani atajua moshi ni ya nani? Chukua kuni kavu, pasua ndogondogo, funika chungu. Moshi itakuwa kidogo."

Félicien alibomoa udongo wa madirisha. Nyuma ya nyumba alisimamisha jiko la kibanda, wazi pande mbili. Asubuhi, moshi wa majirani ukipanda, ndama alifungwa hapo na moshi wake. Jioni aliingia ndani bila moto, mavi yakafagiliwa kila asubuhi. Na mara kwa mara Agathe alitundika tena sahani zake. Ya ndani ilikuja ikafanana na ya nje.

Siku moja Fifi, aliyekuwa akikimbizana na ndama, aliingia mbio, akasimama chini ya tundu. Jua liliingia kama zamani, lakini hewani hapakuonekana kitu. Chini tu, kitone cha mwanga. Akatafuta kwa mikono.

"Mama, fimbo ya jua iko wapi?"

Agathe alimwekea kiganja kifuani. Kilipanda, kikashuka, bila sauti.

"Fimbo ile ilikuwa moshi. Ilikuwa inakaa humu, mwanangu. Imetoka."